Mama Mmoja na Jalada Moja: Tunajifunza Nini Katika Filamu ya Erin Brockovich?

Jumamosi moja jioni idara ya akina mama ya kanisa letu ilikusanyika ukumbini kuangalia filamu. Si jambo tunalolifanya mara nyingi. Tumezoea kukutana kwa ajili ya maombi, kwa kutembelea wagonjwa, au kwa kupanga mchango wa harusi na misiba. Lakini mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameiona filamu hii na akasisitiza kwamba kila mama anafaa kuiona. Basi tukafunga shuka jeupe ukutani, vijana wakatuletea mitambo, na mwalimu akasimama pembeni kututafsiria.

Niseme mapema kwamba hii si filamu ya kidini. Mwanamke anayesimuliwa humo hutoa matusi, na mavazi yake yalifanya mama mchungaji akohoe mara kadhaa. Matusi mwalimu wetu aliyameza bila kuyatafsiri, lakini mavazi hakuweza kuyameza! Huko Marekani filamu hiyo iliwekwa katika kundi ambalo mtoto wa chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi. Kwa hiyo usiwaite wadogo wakae mbele ya televisheni. Iangalie wewe na mzee wako, au na akina mama wenzako, watoto wakiwa wamelala.

Hata hivyo, tulipomaliza hakuna aliyeinuka haraka. Na mimi niliyefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini nilirudi nyumbani na mzigo moyoni, ambao nitaueleza hapa chini.

Kisa chenyewe

Filamu inaitwa Erin Brockovich. Ilitoka mwaka 2000, ikiongozwa na Steven Soderbergh. Mwigizaji mkuu ni Julia Roberts, ambaye mwaka 2001 alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kisa ni cha kweli. Erin Brockovich ni mtu aliye hai, aliyezaliwa mwaka 1960 katika jimbo la Kansas. Hata katika filamu anaonekana kidogo, akiwa mhudumu wa mgahawa.

Tunapokutana naye ni mama wa watoto watatu, ameachana na waume wawili, hana kazi wala akiba. Anatafuta ajira na kukataliwa. Akitoka kwenye usaili anagongwa na gari, anashitaki, anashindwa. Wakili aliyemtetea, mzee Ed Masry, anamkuta siku moja ameshajiweka mwenyewe ofisini akifanya kazi ambayo hakuna aliyempa. Kwa huruma na kwa kuogopa kelele, anamwajiri kama karani wa kupanga majalada.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Erin anapewa jalada la kawaida kabisa. Kampuni ya Pacific Gas and Electric inataka kununua nyumba ya familia moja katika kijiji cha Hinkley, huko jangwani California. Ni karatasi za nyumba: bei, ramani, barua. Lakini katikati ya karatasi hizo anakuta majibu ya vipimo vya damu. Anajiuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: karatasi za hospitali zinafanya nini ndani ya jalada la kuuza nyumba?

Anaomba ruhusa ya kulifuatilia. Anafunga safari hadi Hinkley, anaketi na mama mwenye nyumba, anasikiliza. Mama yule anamweleza bila wasiwasi wowote kwamba kampuni imewafanyia wema. Imewalipia daktari na kuwaeleza juu ya kromiamu iliyomo majini, kwamba haina neno. Erin anakwenda kwa mtaalamu wa chuo kikuu, ambaye anamweleza kwamba kromiamu ziko za aina zaidi ya moja, na nyingine ni sumu. Anakwenda kwenye ofisi ya serikali inayotunza kumbukumbu za maji na kufukua karatasi za miaka ya nyuma. Kisha anarudi kwa yule mama na kumweleza. Wakati huo watoto wa nyumba ile wanaogelea nje. Mama anaelewa, anakimbia uani na kuwaita watoke majini mara moja.

Akina mama wenzangu, ukumbi mzima ulinyamaza. Hapakuhitajika tafsiri.

Maji yale yaliingiwa na nini?

Kwa kuwa wengi waliniuliza siku ile, naomba nieleze kwa lugha nyepesi.

Karibu na Hinkley kampuni ilikuwa na kituo cha kusukuma gesi ya kupikia na ya viwandani ili iende mbali kwenye mabomba. Mitambo hupata joto, hivyo kulikuwa na minara ya kupozea kwa maji. Ili maji yale yasilete kutu, kuanzia mwaka 1952 hadi 1966 yalitiwa kromiamu. Maji yaliyokwisha kutumika yalimwagwa katika mabwawa ya wazi yasiyosakafiwa. Inakadiriwa kuwa galoni milioni 370 zilimwagwa hivyo. Yale maji yalinywea ardhini, yakafika kwenye maji ya chini ambayo watu wa Hinkley waliyavuta kwa visima vyao. Kampuni iliiarifu serikali ya jimbo kuhusu hali hiyo mwishoni mwa mwaka 1987.

Kromiamu zinazotuhusu hapa ni za aina mbili. Ya kwanza, wataalamu huiita ya tatu, imo kidogo katika vyakula na haina madhara makubwa. Nyingine, iitwayo ya sita, ni sumu. Anayevuta vumbi lake kazini anaweza kupata saratani ya mapafu. Hilo halina ubishi. Kwa anayeinywa majini, majaribio yaliyotolewa Marekani miaka ya 2007 na 2008 yalionyesha kwamba panya waliopewa kiasi kikubwa walipata saratani ya kinywa na ya utumbo mwembamba. Jimbo la California liliweka kiwango cha mwisho cha mikrogramu 10 kwa lita mwaka 2014, mahakama ikakitengua mwaka 2017, na kiwango hicho hicho kikarudishwa mwaka 2024.

Kama muuguzi sina budi kuongeza neno jingine ili nisiwadanganye. Filamu inaonyesha kila ugonjwa wa Hinkley kuwa umetoka kisimani: saratani, mimba kuharibika, kutokwa damu puani. Katika maisha si rahisi kuthibitisha hivyo kwa kila mgonjwa. Uchunguzi wa daftari la saratani la California uliotolewa mwaka 2010 haukuona Hinkley wagonjwa wengi wa saratani kuliko ilivyotarajiwa. Wapo wataalamu waliopinga jinsi uchunguzi ule ulivyofanywa, na mabishano yanaendelea. Lakini hakuna anayebisha kwamba maji yalichafuliwa, wala kwamba watu waliyanywa miaka mingi bila kuambiwa ukweli wote. Hilo peke yake latosha kumfanya mama asimame.

Silaha yake ilikuwa daftari

Watu husema Erin alishinda kwa sababu alikuwa jasiri. Ni kweli, ulimi wake haukuwa na breki. Lakini nilipoitazama mara ya pili, peke yangu na kalamu mkononi, niliona kwamba kilichomshindia si ulimi bali masikio na daftari.

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Alikunywa chai yao. Aliuliza majina ya watoto, nani aliumwa lini, nani alizikwa lini, maji waliyateka wapi. Mwanasheria mmoja msomi anapomdharau kuwa majalada yake yana mapungufu, Erin anamtajia mgonjwa mmoja mmoja bila kutazama karatasi: namba ya simu, ugonjwa, jina la kila mwanafamilia. Wale mawakili waliosoma sana walikuja na maswali yaliyochapwa vizuri, wakawaogopesha wanakijiji. Yeye asiyesoma sheria aliaminiwa kwa sababu aliwajua watu.

Kesi hiyo iliisha mwaka 1996 kwa usuluhishi mbele ya majaji. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333 kwa watu zaidi ya 600. Kwa kesi ya aina ile yalikuwa malipo makubwa kuliko yote yaliyowahi kutolewa Marekani hadi wakati huo.

Tusidhani lakini kwamba fedha iliponya yote. Baadhi ya wanakijiji walilalamika kwamba sehemu kubwa ilikwenda kwa mawakili. Maji ya chini hayakusafika kwa siku moja. Sumu iliendelea kuenea, kampuni ikazidi kununua nyumba, watu wakahama. Shule ya msingi ya Hinkley ilifungwa mwaka 2013, na posta ikafungwa mwaka 2015. Mahali palipokuwa na watoto wakikimbia sasa kuna viwanja vitupu. Ndiyo maana wahenga wakasema kinga ni bora kuliko tiba.

Mzigo niliorudi nao nyumbani

Sasa nieleze kile kilichoninyima usingizi.

Miaka kama kumi na mitano iliyopita nilifanya kazi katika zahanati moja ndogo, mji wa wavuvi. Mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa mweupe viganjani, analalamika tumbo, hapati choo vizuri, hataki kula. Nilimpa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu, kama tulivyozoea. Alirudi baada ya wiki chache, hali ni ile ile. Nikabadilisha dawa. Akarudi mara ya tatu. Safari hii akaniambia, "Sista, na watoto wawili wa jirani yangu wako hivi hivi. Tunakaa ukuta kwa ukuta na yule baba anayeyeyusha betri za magari kutengeneza chubwi za nyavu."

Foleni ilikuwa imefika hadi nje kwenye mwembe. Nilimjibu, "Mama, kila mtu aje na mtoto wake. Chukua dawa, wengine wanasubiri." Akachukua, akaenda. Hakurudi tena. Niliposikia habari zake, alikuwa amehama mji.

Betri za magari zina madini ya risasi. Risasi ikiyeyushwa hutoa moshi na vumbi linalotua kwenye michanga, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mikono ya watoto. Mtoto mdogo hunyonya mwilini risasi nyingi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima kwa kiasi kile kile walichokila. Dalili zake ni zile zile alizonieleza yule mama: tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua, kukosa hamu ya chakula. Ikiendelea huharibu ubongo, mtoto akawa mzito wa kujifunza maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Je, mtoto yule aliugua kwa ajili ya risasi? Sijui, na sitajua kamwe. Huenda ilikuwa minyoo kweli. Lakini mama yake aliniletea jalada lake, akaliweka mezani kwangu likiwa wazi, nami sikulisoma. Erin, asiyesomea sheria wala udaktari, aliuliza. Mimi mwenye stashahada ya uuguzi sikuuliza.

Usiku ule mume wangu aliniuliza mbona najigeuzageuza. Nikamsimulia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama Neema, huyo umeshampoteza. Wanaokuja Jumatatu je?" Ndipo nikapata la kufanya, nalo nitawaeleza mwishoni.

Mombasa si mbali

Asiwepo wa kusema haya ni ya Wamarekani. Hapa hapa pwani ya Afrika Mashariki tunaye mama ambaye magazeti ya nje yamemlinganisha na Erin. Ni Phyllis Omido wa Kenya.

Mwaka 2009 Phyllis alipata kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000. Alikuwa bado ananyonyesha. Mtoto wake akaugua homa isiyosikia dawa. Madaktari walidhani ni malaria, wakadhani ni homa ya matumbo. Mwishowe vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto, aliyeipata kwa maziwa ya mama yake mwenyewe. Mama mwenzangu, hebu fikiri: ziwa lile unalompa mtoto ili aishi!

Phyllis angeweza kuhama na mwanawe na kufunga mlango. Badala yake aliwaendea akina mama wa mtaa, wakapimisha watoto wao, nao wakakutwa na risasi. Walikuwapo pia akina mama waliosimulia mimba zilizoharibika. Aliandika barua serikalini na akaongoza maandamano. Mwaka 2012 alikamatwa, akashitakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachia huru. Mwaka huo huo watu wenye silaha walimvamia karibu na nyumba yake akiwa na mtoto. Mungu alimnusuru.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Phyllis alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu miaka wewe mwenyewe: mtoto aliyekuwa ziwani wakati kisa kinaanza alikuwa kijana wakati hukumu ile ya mwisho inasomwa.

Nyumba nayo ina bei yake

Hapa ndipo sisi tulioolewa tulibishana sana siku ile ukumbini, wala sidhani tulimaliza.

Katika filamu Erin ana jirani aitwaye George, mwanamume mwenye pikipiki kubwa na ndevu, ambaye kwa sura ungemkimbia. Huyo ndiye anayewalea wale watoto wakati mama yao yuko kazini. Anapika, anaosha vyombo, anabembeleza. Usiku mmoja Erin anaendesha gari kurudi nyumbani, George anamwambia kwa simu kwamba mtoto mchanga amesema neno lake la kwanza. Erin hakuwapo. Machozi yanamtoka akiwa ameshika usukani. Mwishowe George anachoka, anamtaka achague kati ya kazi ile na yeye, kisha anaondoka.

Mama mmoja alisema, "Mnaona? Mwanamke akiokoa kijiji na nyumba yake ikaangamia, amepata nini?" Mwingine akamjibu, "Na baba angekuwa yeye mwenye kazi ile, kuna ambaye angemuuliza?" Tukacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu.

Mimi naona wote wawili walisema kweli. Mwanawe wa kiume wa Erin anamnunia mama yake kwa wiki nyingi, hadi siku anapookota karatasi ya mtoto mgonjwa wa umri wake. Anauliza kwa nini mama wa mtoto huyo hamsaidii mwenyewe. Anaambiwa kwamba mama huyo naye ni mgonjwa sana. Tangu hapo kijana analainika. Hakulainika kwa zawadi wala kwa fimbo, bali kwa kuelezwa kazi ya mama yake ni ya nini.

Basi ushauri wangu kwa mwenye mzigo wa jamii, iwe ni kamati ya maji, shule, au idara kanisani: usiubebe kwa siri. Mweleze mumeo tangu mwanzo. Waeleze watoto kwa kadiri ya umri wao. Gawa kazi za nyumbani kabla hujalemewa, usingoje ugomvi ndio ugawe. Na ninyi akina baba mnaosoma gazeti hili kwa kujificha, mjue kwamba chungu cha wali hakimvunjii mwanamume heshima. Mwanamke anayefuatilia maji ya mtaa anafuatilia pia maji ya kikombe chako.

Maandiko yanasema nini?

Soma Wafalme wa Pili sura ya 2, kuanzia mstari wa 19. Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, ila maji ni mabaya na nchi haizai. Elisha hakuwaambia wavumilie kwa kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu. Aliomba chombo kipya na chumvi, akaenda hadi kwenye chemchemi yenyewe, na Bwana akayaponya maji.

Naona mambo mawili hapo. Kwanza, watu walisema. Walitaja ubaya wa maji waziwazi kwa mtu aliyeweza kusaidia. Pili, Elisha alikwenda kwenye chemchemi. Hakuishia kuwaombea wagonjwa mjini, alikwenda mahali ubaya ulipoanzia. Sisi mara nyingi huombea watoto wanaoumwa, na ni vyema, lakini hatuendi kisimani.

Kumbuka pia binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu sura ya 27. Walisimama mbele ya Musa na wazee wote wakadai haki yao kwa maneno ya adabu na yenye hoja, na Mungu akasema wamesema vema.

Lakini amri ya kutomshuhudia jirani uongo nayo haijafutwa. Usimtangaze mwenye kiwanda, mwenye gereji au mwenye shamba kuwa muuaji kwa kuwa tu umesikia kisimani. Kwanza hakikisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; na mwenye mali naye ana haki yake.

Mama wa kawaida afanye nini?

Haya ndiyo niliyoyatoa siku ile kwa akina mama wetu, nawapa na ninyi.

1. Andika. Nunua daftari la kawaida. Mtoto akiumwa, andika tarehe, dalili, dawa aliyopewa na kama alipona. Tunza kadi za kliniki na karatasi za vipimo. Kichwa husahau, daftari halisahau.

2. Waulize majirani. Ugonjwa wa aina moja ukiingia nyumba tatu zinazotumia kisima kimoja, hilo ni jambo la kuuliza. Kuuliza si ujinga.

3. Jua kuchemsha kunasaidia nini. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Endelea kuchemsha. Lakini hakuondoi risasi, kromiamu wala dawa za mashambani. Mkishuku sumu ya namna hiyo, tafuteni maji ya mahali pengine huku mkiomba yapimwe.

4. Mwambie mhudumu wa afya unakoishi. Usiseme tu "mtoto ana tumbo." Sema, "Tunakaa karibu na gereji, baba yake huyeyusha betri, maji tunateka bondeni." Akikuharakisha kama nilivyofanya mimi, rudia mara ya pili. Tafadhali rudia.

5. Nendeni pamoja. Mama mmoja hufukuzwa mlangoni, akina mama ishirini hupewa viti. Anzeni serikali ya mtaa na bwana afya. Tanzania ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na taasisi ya taifa inayosimamia mazingira. Kenya ipo NEMA, na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Pelekeni barua iliyoandikwa, bakini na nakala yenye muhuri.

6. Anza na nyumba yako. Usiruhusu betri kufunguliwa uani. Baba akirudi na nguo za gereji, zifuliwe mbali na za watoto.

Jumatatu ile

Nami niliporudi kazini Jumatatu nilimwomba mganga mfawidhi ruhusa ya jambo dogo. Tangu siku hiyo kila mama anayekuja na mtoto namuuliza maswali matatu: Maji mnateka wapi? Kuna kazi gani karibu na nyumba yenu? Nani mwingine anaumwa? Maswali hayo hayachukui hata dakika mbili. Majibu nayaandika.

Wiki ya tatu mama mmoja mchanga aliniambia kwamba maji ya kunywa anayahifadhi katika dumu zuri la bluu alilopewa shambani. Nilimwomba alilete. Lilikuwa dumu la dawa ya kunyunyizia nyanya. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, na hakuna tuzo kwa ajili ya dumu. Lakini mtoto wake sasa anakunywa maji kutoka kwenye ndoo safi yenye mfuniko, na yule mama amekwisha kwenda kuwauliza wenzake watano wanaofanya kazi shamba lile.

Kila ninapofungua daftari langu namkumbuka yule mwingine, wa mji wa wavuvi. Kama unasoma haya, mama, nisamehe. Ulisema kweli, nami sikukusikiliza.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya akina mama

1. Maji tunayokunywa katika mtaa wetu yanatoka wapi, na ni lini yalipimwa mara ya mwisho?
2. Je, ni mambo gani tumeyazoea mtaani ambayo mgeni angeyashangaa?
3. Tumsaidieje mwenzetu anayebeba mzigo wa jamii ili nyumba yake isitetereke?
4. Soma Wafalme wa Pili 2:19–22. Chemchemi yetu iko wapi, na nani atakwenda?